Nyumba za mawe za zamani Kanda ya Kati: tunaziua kwa saruji halafu tunasema zimezeeka

Fundi Tindo:

Wakuu, mbukwenyi!

Kiangazi kimeingia, na kiangazi ndio msimu wa kamati za ukarabati. Iwe kamati ya kanisa, ya shule, au wanafamilia waliorithi nyumba ya mawe ya babu karibu na reli, wote wakikaa kikao wanatoka na azimio moja: inunuliwe saruji, mawe yapigwe pointi upya (viungo vya kati ya mawe vijazwe), juu ipite vanishi ili yang'ae. Mvua za Desemba hadi Aprili zikishapita mara mbili tatu, ukuta uliosimama tangu enzi za Mjerumani unaanza kutoa chumvi ndani, lipu inadondoka, kona inafunguka. Lawama anapewa Mjerumani.

Mimi kazi yangu ni mawe, kwa hiyo nitaongea kifundi.

Huku kwetu tumekaa juu ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mawe ya Mlimwa, Mlima Simba na yale matufe yaliyotapakaa njia nzima ya kwenda Manyoni ni familia moja. Waliojenga zamani waliyachukua palepale, wakayapasua kwa kabari, wakapanga nyuso mbili za ukuta, ya nje na ya ndani. Katikati wakashindilia vipande na udongo. Mara nyingi chokaa iliishia kwenye viungo vya nje tu, kwa sababu chokaa ilikuwa ghali na udongo ulikuwa bure.

Sasa fikirini ukuta wa namna hiyo unavyoishi. Maji yanapanda kutoka chini, mengine yanaingia juu pale bati lilipotoboka. Jiwe lenyewe halinywi maji ya maana. Udongo wa katikati unakunywa, kisha unayarudisha nje taratibu kupitia kiungo cha chokaa, kwa sababu chokaa ina vitundu vya kupitisha mvuke. Ukikwangua hiyo chokaa ukajaza saruji, umefunga mlango pekee uliokuwepo. Maji yanabaki ndani. Na maji ya ardhi ya Dodoma mnayajua wenyewe, chai yake ukiionja unajua umefika. Ile chumvi inasafiri na maji hadi pale yanapokaukia, inaganda, inakua, inasukuma. Ikigandia nyuma ya saruji, saruji inabanduka na ngozi ya jiwe.

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja ya zamani wilaya ya Mpwapwa, siitaji. Ilikuwa Septemba, vumbi tupu, hakuna tone la mvua tangu Aprili. Nilichomeka tindo chini ya pointi ya saruji iliyopakwa rangi nyeusi, ikatoka utepe mzima wa karibu mkono mmoja. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, ukiubana kidoleni unashikana. Jiwe la jirani upande uliokuwa umezibwa lilimeguka kama sukari guru. Jiwe hilohilo, upande ambao chokaa ya zamani ilibaki, tindo inadunda.

Kanuni ya mafundi wa mawe ni hii: mota, yaani mchanganyiko unaoshika mawe, iwe dhaifu kuliko jiwe. Kitu kikihitaji kupasuka, ipasuke mota, maana mota unaibadilisha. Jiwe likipasuka umelikosa.

Nawasilisha. Wenye hoja karibuni.

Siti ya Mbele:

Naweka kambi hapa. Mkuu tupia picha za huo utepe.

Mhandisi wa Mtumba:

Fundi Tindo, heshima yako, ila hapa unachanganya mambo. Hii hoja ya ukuta kupumua imetoka Pwani. Zanzibar na Kilwa wamejenga kwa matumbawe, jiwe lenye matundu, laini, hilo kweli saruji inaliua. Graniti ya Dodoma haina matundu hayo. Ni ngumu kuliko saruji yoyote utakayoikoroga. Kwa kanuni yako mwenyewe ya mota kuwa dhaifu kuliko jiwe, saruji kwa graniti inafaa kabisa. Tusiwatishe watu na ukuta wao.

Fundi Tindo:

Mhandisi, swali zuri, na ndilo ninaloulizwa kila kikao.

Kweli graniti nzima haina matundu ya maana, chini ya asilimia moja. Lakini fuata hoja yako hadi mwisho. Kwenye ukuta wa matumbawe, ukiziba viungo, mvuke bado una jiwe la kupitia. Kwenye ukuta wa graniti kiungo ndicho pua peke yake. Kwa hiyo kuziba viungo vya graniti kuna madhara makubwa zaidi, siyo madogo.

La pili, jiwe lililokaa ukutani miaka mia siyo lile la machimboni. Graniti ina madini ya aina tatu kuu: kwazi, feldispa na mika. Kwazi haijali kitu. Feldispa ikikaa na unyevu miaka mingi inageuka udongo mweupe, na mika nyeusi inatoa kutu, ndiyo yale madoa ya njano mnayoyaona. Jiwe la nje likiwa limeshaanza safari hiyo, saruji ni ngumu kuliko ngozi yake.

La tatu ni joto. Ukuta wa mita 10 wa graniti, ukipata tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na saa nane mchana, unarefuka takriban milimita 1.6. Nyuzi 20 kwenye uso wa jiwe linalopigwa na jua la Oktoba hapa kwetu ni jambo la kila siku. Chokaa inavumilia huo mchezo, inapata nyufa nyembamba sana na maji yakipita inajifunga yenyewe. Saruji inapata ufa mmoja mkubwa, mara nyingi kati yake na jiwe, na huo ufa unameza mvua lakini hautoi mvuke wa kutosha.

Nyumba mpya ya mawe yenye msingi wa zege na mkanda wa kuzuia unyevu, jenga na saruji yako, sina ugomvi. Naongelea zile ambazo hazina hata msingi wa maana.

Mhandisi wa Mtumba:

Hoja ya pua nimeikubali. Ya joto bado naona umeikuza, ukuta wenye udongo katikati unajipindisha wenyewe bila hata jua. Tuendelee.

Mtafuta Rupia:

Mkuu achana na chokaa, tuambie ukweli. Hizo nyumba za Mjerumani kule Kilimatinde umewahi kukuta alama za rupia zilizofichwa, zile sarafu za enzi zao? Jiwe lenye msalaba, mshale, nyoka? Inbox ipo wazi, tunagawana.

Siti ya Mbele:

Nilijua lazima aje huyu 😂

Fundi Tindo:

Kaka yangu, mnacheka lakini huyu ni adui namba mbili baada ya saruji. Nimeona kuta zilizochimbwa chini ya kona usiku, shimo la kuingia mtu mzima, kisa mganga kasema rupia zipo upande linapochomoza jua. Kona ndiyo inayoshika kuta mbili. Ukitoa udongo chini ya kona ya ukuta usio na msingi wa zege, hata mzinga wa rupia ukiupata hutatoka nao, ukuta utakuja nao.

Na mishale mingi mnayoiona kwenye mawe ni alama za tindo za mafundi au alama za wapima ardhi. Alama za kabari zenyewe ni vishimo vilivyopangwa mstari mmoja pembeni ya jiwe, kila kimoja upana wa kidole gumba. Walipasulia mawe hapo. Basi.

Binti wa Kolo:

Habari za humu. Mtafuta Rupia, wenzako wameshamaliza kwetu.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, eneo lina mapango na miamba yenye michoro zaidi ya 150. Kuna sehemu watu wamechimba sakafu ya pango wakitafuta mali ya Mjerumani. Sakafu ile ndiyo yenye tabaka za makaa, mifupa na zana za mawe ambazo wataalamu wanazitumia kujua nani aliishi pale na lini. Ukiichimba hakuna fundi wa kuirudisha. Vumbi lake nalo linapanda na kukaa juu ya picha.

Jingine ni maji. Mgeni anafika, picha imefifia, anarushia maji ya chupa ili rangi iwake kwenye simu. Inawaka kweli. Halafu maji yakikauka yanavuta chumvi kutoka ndani ya mwamba na kuiacha juu, utando mweupe unazidi kila mara. Nyekundu ile ni udongo wenye kutu ya chuma, imedumu kwa sababu mwamba umeikinga na mvua. Wewe unailetea mvua kwenye chupa.

Lakini Fundi, hapa nitakupinga kidogo kabla hujasema. Najua wataalamu wakija wanasema wazee wasifanye tambiko kwenye pango la Mungomi wa Kolo kwa sababu pombe inayorushwa inagusa mwamba. Kuna wakati mapango yaliwekewa uzio wa waya. Waya wenyewe uliondoka, ukaenda kufanya kazi nyingine majumbani. Kwa nini? Kwa sababu uliwekwa dhidi ya wenyeji. Pale ni mahali pa kuombea mvua tangu kabla ya hiyo orodha ya dunia. Mzee anayekwenda pale kwa heshima analinda zaidi ya waya.

Fundi Tindo:

Dada, sikupingi. Mwamba wenye mwenyewe unapona kuliko mwamba wenye kibao. Ningependa tu wazee waelekezwe pombe imwagwe chini, mbali na picha, na hilo waelekezwe na wazee wenzao.

Mwalimu Mstaafu:

Vijana, nimesoma kwa furaha. Niongeze la sheria, maana nimeona watu wanadhani kila jengo la Mjerumani linalindwa na serikali.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Majengo yanayolindwa moja kwa moja ni yale yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa hesabuni. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Boma, stesheni, nyumba za misheni, karibu vyote vya kanda hii vimekuja baada ya 1863. Havilindwi mpaka Waziri avitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo jengo la mawe la mwaka 1910 ambalo halijatangazwa, kisheria mmiliki anaweza kulibomoa akajenga fremu za maduka, akitafuta tu vibali vya kawaida vya halmashauri.

Mpwapwa na Kilimatinde zipo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu 2006, kama vituo vya njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali haizuii nyundo.

Ushauri wangu: kabla ya kugusa jengo, andikeni barua Idara ya Mambo ya Kale muulize hadhi yake. Karatasi moja tu.

Fundi Tindo:

Shikamoo mwalimu. Hiyo 1863 watu wengi hawaijui, hata madiwani.

Katibu Kamati:

Mimi ni katibu wa kamati ya ukarabati ya kanisa letu la mawe, nje kidogo ya mji. Tumeshachangisha, na fundi wetu ameshatoa hesabu ya mifuko ya saruji na vanishi. Uzi huu umetuchanganya. Fundi Tindo, kama siyo saruji tufanyeje? Tuambie kwa lugha ya kamati. Na chokaa tunapata wapi, maana ya dukani fundi wetu anasema ni ya kupaka miti tu.

Fundi Tindo:

Katibu, fundi wenu hajakosea sana, nitaeleza.

Anzeni juu, msianze ukutani. Bati, mifereji, na maji ya paa yanakwenda wapi. Kanisa nyingi ninazoitwa, ukuta unaoumwa ni ule ambao mfereji umekatika. Kisha chini: udongo umepanda kuzunguka jengo miaka yote hii, sakafu ya ndani iko chini kuliko ua. Shusheni ua, maji yatembee kwenda mbali. Na ile zege mliyomwaga kuzunguka jengo ili pawe pasafi inawasukumia unyevu ukutani, mkiweza itoeni, wekeni kokoto. Hapo hamjagusa jiwe na nusu ya ugonjwa imeondoka. Kamati hazipendi sehemu hii kwa sababu haionekani siku ya uzinduzi.

Kisha kaeni mwaka mmoja ukuta ukauke. Najua mmeshachangisha. Kaeni.

Pointi ya saruji itolewe kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo. Grenda hapana. Viungo vya mawe ya kuokota havijanyooka, grenda inanyoosha kwa kukata jiwe, na hayo makovu hayafutiki. Pale saruji imeng'ang'ania hadi jiwe linatoka nayo, iacheni, itaachia baadaye yenyewe. Kiungo kisafishwe kwenda ndani angalau mara mbili ya upana wake, kisha vumbi litoke kwa brashi ya nailoni. Brashi ya waya inaacha vipande vya chuma, na hivyo vinakuja kuwa madoa ya kutu.

Chukueni kipande cha mota ya zamani, kisagwe, kilowekwe kwenye siki kali. Kikichemka na kutoa povu kina chokaa. Kinachobaki chini ni mchanga, utazameni rangi na ukubwa wa chembe, tafuteni korongo lenye mchanga unaofanana. Huo uoshwe.

Sasa chokaa. Mawe ya chokaa yanachomwa kama nyuzi 900, kila kilo 100 zinaacha kilo 56 za chokaa hai, nyingine inaondoka kama hewa ya kaboni. Ukiizima kwa maji na kuipaka ukutani, inairudisha ile hewa kidogokidogo na kuwa jiwe tena. Kwa hiyo mfuko uliokaa dukani umefunguka mwaka mzima umeshamaliza kazi yake humohumo mfukoni. Ni chaki. Ndiyo maana fundi wenu anasema ni ya kupaka miti. Ipimeni: kijiko cha chokaa, tone la siki. Ikichemka sana imekufa. Ikiyeyuka kimya ni hai. Ya Tanga inafika Dodoma, dai mfuko mpya uliofungwa. Na angalieni msiuziwe jasi. Itigi ipo jirani, jasi ni nyingi na unga wake ni mweupe vilevile, ila jasi ukiikoroga inagandia kwenye karai ukiwa bado unatafuta mwiko. Chokaa haifanyi hivyo.

Loweka chokaa kwenye pipa, maji yawe yameifunika, wiki kadhaa kabla. Mkipata chokaa hai yenyewe, tieni chokaa ndani ya maji, kamwe msimwage maji juu yake, inachemka na kuruka, na jicho halina spea. Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Ongezeni vumbi la tofali za kuchoma lililochekechwa, kama nusu ndoo, linasaidia kushika. Maji yawe ya mvua au yasiyo na ladha ya chumvi.

Loweka kiungo kabla ya kujaza. Jaza kwa tabaka, usijaze mkupuo mmoja. Halafu, hapa ndipo Dodoma inapotofautiana na vitabu: upepo wetu unanyonya maji ya mota kabla ya chakula cha mchana. Chokaa ikikauka haraka haigandi, inabaki unga. Tundikeni magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, yarushiwe maji asubuhi na jioni, wiki nzima, zaidi ikibidi. Saidia fundi mmoja kazi yake iwe magunia tu.

Vanishi: hapana. Mwaka wa kwanza inang'aa, wa tatu inakuwa magamba ya njano.

Bibi Zabibu:

Na sanamu ya Bikira Maria iliyoko kwenye groto letu? Ni ya marumaru, imekuwa nyeusi. Kuna kijana ametushauri tindikali ya kusafishia choo, kasema kwenye vigae inafanya maajabu.

Fundi Tindo:

Mama, shikamoo. Msimguse na tindikali! Marumaru ni ukoo wa chokaa. Ile siki niliyosema inachemsha mota, tindikali itachemsha pua na vidole vya sanamu kwa namna hiyohiyo. Itakuwa nyeupe kweli, kwa sababu ngozi yake imeondoka. Maji safi, brashi laini, sabuni isiyo kali tone moja, anzia chini kupanda juu ili maji machafu yasiache michirizi. Weusi wa kwenye kivuli mara nyingi ni ukungu, ukilowesha siku moja na kusugua kesho yake unalegea. Usiobanduka uacheni.

Na kama mkono wake umewahi kuvunjika ukaunganishwa kwa nondo, tazameni kama kuna ufa wenye kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, inapasua jiwe kutoka ndani. Hata Akropoli ya Athens iliumizwa hivyo. Wajenzi wa kale walifunga vyuma vyao ndani ya madini ya risasi visipate maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakarabati wakiongozwa na Nikolaos Balanos wakaweka vyuma vipya bila risasi, vikapata kutu, marumaru iliyokaa miaka zaidi ya 2,000 ikapasuka ndani ya miongo michache. Siku hizi wanatoa vile vyuma na kuweka titani, metali isiyoshika kutu. Kwenu titani hakuna, ila chuma kisichoshika kutu kinapatikana mjini.

Mhandisi wa Mtumba:

Hii ya Athens ndiyo ingeanza uzi, ungenipata mapema.

Katibu Kamati:

Fundi, nimesoma mara mbili. Kamati haitakubali kukaa mwaka, nawajua. Wamekubali kitu kimoja: tuanze na mfereji, na tujaribu mita moja ya mraba ya chokaa. Tuchague ukuta gani? Na fundi wetu anataka alipwe kwa mita ya mraba kama kawaida.

Fundi Tindo:

Safi sana, hapo mmeshanipita nilipotegemea. Chagueni upande unaopigwa na upepo na mvua, siyo wa mlangoni ambako kila kitu kinapendeza. Ikisimama hapo itasimama kote. Pigeni picha kabla, na andikeni vipimo vya mchanganyiko kwenye daftari la kamati.

Malipo kwa mita hapana. Ukimlipa kwa mita ataruka magunia, na wewe hutajua mpaka masika. Mlipe kwa siku, na siku za kurushia maji zihesabiwe humo.